Mashine ya Bar Ishirini

Kama unataka kununua mashine ya kahawa ya nyumbani, ile ya kukamua espreso, na hujawahi kuwa nayo, na fedha uliyonayo ni ya kununulia mara moja tu, basi nisikilize mimi niliyekosea. Mimi hakuna aliyeniambia. Au niseme kweli: alikuwepo aliyeniambia, nikamwona mjinga.

Nilikuwa nakaa Utende kisiwani, nyumba ya vyumba viwili, karibu na pale wageni wanapopandia boti kwenda kuzamia kwenye Ghuba ya Chole. Tangu bahari yetu iwe hifadhi, pale watu wanaishi kwa wageni. Wenye majuya, zile nyavu za kukokota, waliyafungasha wakahamia kusini. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alikwenda Kilwa akaoa huko, na habari yake inaishia hapa.

Mimi nilifanya kazi hoteli moja ya ghubani, jikoni, na kwa miaka miwili nilishikishwa mashine ya kahawa. Dude zima, kubwa kama kabati la vyombo. Nabonyeza, linanguruma, linatoa kahawa nzito yenye povu la rangi ya asali, mgeni anakunywa anafumba macho. Nikajiona mjuzi. Kumbe kinu chake cha kusagia kilikuwa kinarekebishwa na fundi anayetoka Dar, maji yake yamechujwa, na hoteli ina jenereta yake. Nilichokuwa nakijua mimi ni kubonyeza.

Nilikuwa na binti mmoja. Alipoachishwa ziwa, mama mkwe alikuja kumchukua akaenda naye Kanga, kule kaskazini. Hakunipokonya, nisimsingizie. Naingia kazini saa kumi na moja alfajiri, natoka jua limezama, na hoteli haitaki mtoto wa mfanyakazi. Sasa mtoto ashinde na nani, na kuku? Mama mkwe alimfunga mgongoni kwa kanga yake akaniambia: "Siku ukipata kazi ya kukaa kwako, njoo umchukue, sitakuwekea kikwazo. Lakini mjukuu wangu wa kuzungushwa kwa majirani, leo kwa huyu kesho kwa yule, hapana."

Nikawa nakwenda Kanga mara moja kwa mwezi. Kila nikienda namkuta na neno jipya ambalo sikumfundisha mimi.

Jirani yangu alikuwa nesi, mama wa makamo, mtu wa bara. Alikuja kisiwani kwa kazi ya hospitali, akakipenda, akajenga nyumba ya wageni ya vyumba sita, ukuta kwa ukuta na mimi. Wanafikia pale wazamiaji wasio na fedha za hoteli kubwa. Siku moja aliniita juu ya ukuta, bado na sare zake za kazini.

"Mdogo wangu, si wewe unayetengeneza kahawa ya wazungu kule hotelini?"

"Ndiyo mimi, sista."

"Wageni wangu wataniua. Wakiamka tu, espreso, espreso. Nawapa kahawa ya kopo, wananuna kama nimewapa dawa ya minyoo."

"Nunua mashine."

"Nani ataishika? Mimi nina zamu ya usiku. Nunua wewe, weka meza hapo barazani kwako. Kila asubuhi nakuletea watano, sita, msimu ukichanganya hata kumi. Faida yako. Mimi nataka wanywe wanyamaze."

Katika maneno yote yale mimi nilisikia mawili tu: barazani kwako. Nikaona mkeka, nikaona binti yangu juu ya mkeka, mimi natengeneza kahawa hatua tatu kutoka alipo. Nikaona hivyo hivyo, mchana kweupe, nimeshika ufagio.

Ilikuwa mwanzo wa masika, hoteli inafunga, wanaandika majina ya watakaorudi mwezi wa sita. Nikawaambia jina langu wasiliandike. Usiniulize kwa nini sikusubiri kwanza mashine ije. Nimejiuliza vya kutosha.

Fedha yenyewe ilikuwa zamu yangu ya upatu. Kisiwani hakuna duka la mashine za namna hiyo, kwa hiyo nilipewa namba ya muuzaji wa Kariakoo, akawa ananitumia picha kwenye simu. Zilizokuwa ndani ya uwezo wangu zilikuwa tatu. Ya kwanza haina umeme kabisa: unatia maji ya moto, unakandamiza kwa mkono kama unakamua tui. Ya pili ya umeme, ya chuma, nzito, sura mbaya, imeandikwa bar kumi na tano, ndiyo presha ya kukamulia. Ya tatu inang'aa, nyekundu, nyepesi, rahisi kuliko ya pili, na kwenye boksi lake wameandika bar ishirini kwa maandishi makubwa kama bango la kampeni.

Mpishi wa hoteli, mzee wa Tanga, nilipomwonyesha picha alizitazama zote tatu akanirudishia simu.

"Usinunue hata moja," akasema. "Nunua lile birika dogo la kuweka juu ya jiko, la vyumba viwili, maji chini kahawa juu. Fedha inayobaki nunua kinu kizuri cha kusagia cha mkono. Kahawa ni kusaga, mwanangu. Mashine ni sufuria yenye umeme."

"Birika? Mgeni atoke kwao huko aje nimpe kahawa ya birika kama yuko msibani?"

"Atakunywa na atarudi."

"Na hiyo ya mkono?"

"Hiyo nayo nzuri. Ukichagua ya umeme utaniambia."

Nilitoka pale nimefura. Nilimwona hataki nifike. Mtu umekaa naye jiko moja miaka miwili, unataka kupanda ngazi, yeye anakupa birika.

Nikaenda kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye yeye hakunitupa. Kazi yake ilikuwa kujaza hewa matangi ya wazamiaji. Nilimkuta ameshika mpira wa kujazia, anasoma saa ya presha.

"Shemeji, nisaidie kuchagua."

"Hii ngapi?"

"Kumi na tano."

"Na hii?"

"Ishirini."

"Sasa unauliza nini? Tangi la bar hamsini utampa mgeni azame nalo? Si unampa lililojaa! Bar ndiyo nguvu, shemeji. Chukua ishirini, uwatoe watu machozi."

Hapo ndipo tulipokosea, na nadhani ni sisi tu wa kwetu pale ambao tungekosea hivyo. Pembezoni mwa ghuba ile kila mtu anaijua bar. Mvuvi ambaye hajawahi kuvaa miwani ya kuzamia anajua tangi zuri lina bar mia mbili, na likishuka hadi hamsini mtu apande juu. Watoto wanacheza, mmoja anakaba pumzi, mwenzake anamwita bar, bar, imebaki ngapi. Mtu wa bara angeuliza dhamana, angeuliza vipuri. Mimi na shemeji yangu tuliuliza presha, tukajiona wataalamu.

Kahawa inataka bar tisa. Tisa! Nimekuja kulijua hilo mashine imeshaingia ndani. Zinazozidi hapo ni majigambo ya boksi. Ungeweza kuandika bar arobaini na kahawa isingejua. Nilitakiwa niulize mashine inakula umeme kiasi gani na waya wangu una unene gani. Nilitakiwa niulize buni nitazisagia nini. Na muuzaji yule, kila nikimwuliza jambo, ananijibu, "Dada, hiyo ishirini, hiyo ni moto." Moto! Laiti ingekuwa moto.

Ilikuja msimu ukifunguka, kwa boti inayotoka Nyamisati kule bara, imeviringishwa ndani ya godoro la mtu. Niliifungua taratibu kama namfungua mtoto nepi.

Kinu cha kusagia sikuwa nacho, kwa hiyo nilitwanga. Si kahawa tunatwanga tangu enzi? Lakini kinu changu cha kutwangia kilikuwa kimekaa miaka na iliki na tangawizi. Espreso ya kwanza ikanuka harusi. Nikaazima kinu cha jirani wa nyuma, kumbe chake anatwangia pweza mkavu. Sitaki kuisimulia kahawa ile. Nikanunua kinu kipya. Sasa harufu sawa, lakini mtwango hauendi sawasawa, huku chenga huku vumbi, maji yanapita kwenye chenga kama yanapita kwenye kokoto. Kikatoka kitu kama chai ya rangi. Nikatwanga tena, nikachekecha, nikatwanga, nikachekecha, mikono imeota malengelenge. Siku ya tano, saa saba mchana, mashine ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikadondosha kahawa nzito, na povu juu. Povu lenyewe la rangi ya asali.

Nilipiga kelele. Nesi akatoka kwake mbio akidhani nimeungua. Akanywa amesimama.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Jumatano wanaingia wanne, Alhamisi asubuhi wataamka hapa. Nikuletee?"

"Walete."

Hata kikombe sikukiosha. Nilichukua simu nikapiga Kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini, mbona mchana?"

"Jumamosi nakuja kumchukua."

Nilisikia jogoo wake.

"Umepata kazi?"

"Ya kukaa kwangu, mama. Barazani."

"Haya. Mungu atie baraka. Nitamwambia."

"Usimwambie kwanza."

"Nimwambie lini, akishapanda pikipiki?"

Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nakumbuka.

Alhamisi asubuhi nilifagia baraza, nikatandika kitambaa cha meza nilichodarizi shuleni, nikapanga vikombe. Wakaja wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na nesi mbele yao anatabasamu kama bibi harusi. Nikawasha.

Sasa nikueleze kitu ambacho boksi halikuandika. Waya uliokuja kwangu ulipita kwanza kwa nesi. Saa saba mchana wageni wako baharini, umeme wote ni wangu. Saa kumi na mbili asubuhi vyumba sita vimeamka. Hita za bafuni zinafanya kazi, pampu ya maji inavuta kutoka kisimani, jikoni wanachemsha maji ya mayai. Taa yangu ya barazani ilishuka, ikashuka, ikabaki nyekundu kama ncha ya udi. Wageni walioniletea riziki ndio waliokuwa wanaoga umeme wangu.

Kikombe cha kwanza kilitoka vuguvugu, rangi ya maji ya mfereji. Mgeni akaonja, akakiweka chini kwa adabu. Cha pili hivyo hivyo. Nikasema moyoni, tatizo ni mtwango, niutie laini zaidi nishindilie. Nikashindilia kwa kidole gumba kwa nguvu zangu zote. Nikabonyeza. Mashine ikaguna, ikatetemeka, ikaguna, hakuna tone. Nikazima. Wote wananitazama. Nesi tabasamu limebaki kwenye meno tu.

Nikashika mpini wenye kichujio, ule unaotiwa kahawa, nikauzungusha kuutoa.

Ulitoka kwa kishindo. Bar ishirini ile, au kiasi chochote walichokuwa wametia mle ndani, ilikuwa imekaa inangoja. Machicha ya kahawa yakanirukia usoni, yakaruka kwenye fulana nyeupe ya mgeni mmoja, kwenye nywele za mwenzake, kwenye kitambaa changu, ukutani, mpaka kwenye sare ya nesi. Mimi niliungua kidogo shingoni. Wao hawakuungua, maji yenyewe yalikuwa vuguvugu.

Mgeni akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana ningejua pa kushika. Akafuta fulana yake, akaniambia pole, pole, Kiswahili chake chote pengine kilikuwa hicho, na wakaondoka kwenda kwenye boti yao bila kunywa.

Shemeji alipokuja jioni akautazama ule mpini, akaugeuza.

"Lakini shemeji, unachomoaje kitu chenye presha? Sisi kwenye tangi kabla hujachomoa mpira unafungua hewa kwanza, itoke yote. Tssss. Ndipo unachomoa."

"Hukunifundisha."

"Nilidhani unajua. Si unaona kila siku?"

Kweli nilikuwa naona kila siku. Alinipa namba, ile tssss hakunipa, na mimi sikuiomba. Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Akatoka.

Ijumaa nesi hakuniita juu ya ukuta. Alipita mlangoni, akabisha hodi kama mgeni, akakaa.

"Mdogo wangu, sikulaumu," akasema. Mtu akianza hivyo jua hukumu imeshaandikwa. "Lakini siwezi kuwaleta tena hapa. Jana wamemwambia kila mtu jetini, kule kwenye boti. Nimempigia yule mpishi wenu wa hoteli, ameniagizia birika la jikoni na kinu cha kusaga cha mkono. Vikija nitaviweka kwangu kwenye gesi. Gesi haishuki."

"Na mimi?"

"Njoo unipikie kahawa kwangu. Saa kumi na moja mpaka saa nne, kisha usafi wa vyumba. Nitakulipa mshahara. Mkono unao, mashine ndiyo mbovu."

"Nitakuja na binti yangu, sista. Atakaa pembeni, si mtukutu."

Alitazama chini. "Jikoni kuna gesi. Vyumbani watu wamelala. Mtoto akilia saa kumi na moja nitawajibu nini? Mtoto hapana, mdogo wangu. Nisamehe."

Hata kumchukia nilishindwa vizuri. Hoteli walishajaza nafasi yangu, nilikwishauliza, mlinzi alinijibu getini nisiingie hata ndani. Nikamwambia nesi ndiyo. Mashine nilimpigia muuzaji wa Kariakoo aichukue tena hata kwa nusu bei. Akaniambia, "Dada, ikishaingia maji hairudi," na tangu hapo hakupokea simu yangu.

Kanga sikupiga simu. Hapa ndipo ninapojilaani zaidi kuliko kwenye boksi na maandishi yake. Nilikuwa na simu, ina chaji, ina salio. Kila nikiishika naisikia sauti yangu mwenyewe ya siku ile inacheka. Nikasema nitakwenda niseme uso kwa uso, ndiyo heshima.

Jumamosi nilipanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mama, kazi imeyumba kidogo. Mama, nipe miezi mitatu. Mama, mashine haikuwa nzuri. Tulipoingia Kanga nilikuwa nimeyapanga vizuri.

Walisikia pikipiki kabla hatujafika. Binti yangu alikuwa kizingitini, amevaa gauni lake la Idi, amesukwa, amepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa. Kando yake kikapu kimejazwa nguo, na mkeka mdogo umekunjwa umefungwa kwa ukambaa. Alikimbia akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki, akanyoosha mikono juu. Dereva naye, ataelewaje? Akambeba akamkalisha mbele kwenye tangi la mafuta. Binti akashika vioo vyote viwili.

"Twende," akasema.

Mama mkwe akatoka ndani anajifuta mikono. "Tangu adhana yuko macho. Uji amekataa, anasema atakunywa kwa mama yake."

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kazi imeharibika."

Alinitazama. Maneno yangu yote niliyoyapanga njiani, hakuna hata moja lililobaki.

"Imeharibikaje, na juzi imepatikana?"

"Mashine haikufaa. Nimepata kazi kwa nesi, lakini ndani kwake, na mtoto hamtaki."

"Ungenipigia."

"Niliona haya."

"Haya umeona wewe," akasema, wala hakupandisha sauti. "Aliyevishwa nguo nani?"

Nikamwuliza, nikijua ninachouliza, kama anaweza kuniachia mtoto hivyo hivyo, awe anashinda kwa yule jirani wa nyuma mpaka nirudi kutoka kazini.

"Kwa yule mwenye pweza? Nilisema hapana siku ile, na leo nasema hapana. Mtoto si kinu, kwamba utaazimisha."

"Twende," binti yangu akasema tena, akatikisa vioo.

Nilikwenda kumteremsha. Alidhani napanda, akasogea mbele kunipa nafasi. Nikamshika kiunoni. Ndipo alipoelewa, akakaza vidole kwenye vioo, na ana nguvu, mtoto wa Kanga anayekula muhogo. Nikaanza kumbandua kidole kimoja kimoja. Nikitoa hiki kile kimerudi. Dereva akageuza uso akatazama minazi. Alipoona navishinda vidole vyake, akainama akaning'ata kwenye kiganja, meno yote, akaganda hapo. Sikuutoa mkono. Nilimwacha ang'ate mpaka akachoka mwenyewe.

Nikamweka chini. Hakulia. Nilingoja alie ili nipate la kufanya, nimbembeleze, nimfute. Akaenda kizingitini, akashika kikapu chake kwa mikono miwili, akakikokota ndani ya nyumba kinagonga kila ngazi. Mkeka akauacha.

Mama mkwe aliniletea maji. Nikayanywa nimesimama, nikamwambia dereva awashe.